Cherehani ya zamani iliyokaza: kuifungua, kuishonea, na kuchagua nyingine

Swali: Nimeachiwa na bibi cherehani ya mkono, Singer nyeusi yenye maua ya rangi ya dhahabu. Bobini yake ni ndefu na nyembamba, inaingia ndani ya kichuma chenye umbo la risasi. Namba iliyogongwa kwenye kitako inaanza na herufi F. Gurudumu linazunguka kwa shida sana, na nilipojaribu kushona, uzi ulijikusanya chini ya kitambaa. Naweza kuifanyia kazi ya kweli, au niiweke tu kama pambo? Na nikitaka kukusanya nyingine za aina hii, niangalie nini?

Jibu: Itumie. Kwa maelezo yako, mashine imelala tu. Oili ikikaa miaka mingi bila mashine kuzungushwa hukauka na kuwa utando wa kahawia unaonata kama ulimbo, na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma panashikana. Vyuma vyenyewe mara nyingi huwa vizima. Cherehani hizi huuawa na haraka ya mwenye nayo: koleo kwenye gurudumu, nyundo kwenye ufito wa sindano, spiriti kwenye rangi.

Kwanza tujue ni ipi. Hicho kichuma cha risasi mafundi wengi hukiita shato. Shato ndefu inayopembea mbele na nyuma chini ya vibamba viwili vya kuteleza ni ya familia ya Singer 27, 28, 127 na 128. Pima kitako kwa rula: chenye urefu wa karibu sentimita 37 ni cha 27 au 127, cha karibu sentimita 31 ni cha 28 au 128, ambazo ni mashine zilezile zilizopunguzwa ukubwa. Ukikuta kitufe kidogo cha kuinulia shato pale inapokaa, una 127 au 128, matoleo ya baadaye. Herufi F ni ya kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, na inaiweka mashine yako katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Singer walianza kutanguliza herufi mwaka 1900. Namba isiyo na herufi ni ya kabla ya hapo. Usishangae orodha ya namba ikikupa tarehe na cheti cha familia kikataja mwaka wa baadaye. Orodha hizo huonyesha siku fungu la namba lilipotengwa kiwandani, na mashine yenyewe ingeweza kukamilika na kuuzwa muda mrefu baada ya hapo.

Kuifungua iliyokaza

Kabla ya tone la kwanza la mafuta, tafuta kukaza kunatoka wapi. Vuta kidole cha mpini wa mkono kitoke kwenye spoku za gurudumu, kisha zungusha gurudumu kwa kiganja. Likiwa jepesi sasa, tatizo liko kwenye gia za mpini, nazo zinahitaji kusafishwa na kupakwa grisi kidogo tu. Likiwa bado zito, shika gurudumu kwa mkono wa kushoto na kwa wa kulia legeza kile kirungu cha katikati kwa kukizungusha kuelekea kwako. Kirungu kikilegea, gurudumu linatakiwa kuzunguka peke yake bila sindano kupanda wala kushuka. Likizunguka hivyo, utando uko ndani ya mashine. Likikataa, gurudumu lenyewe limegandana na shafti, jambo linalotokea sana kwa mashine ambazo hazijajaziwa bobini kwa miaka.

Toa sindano, toa shato, toa uzi wote. Angalia nyuma ya gurudumu na kwenye njia ya shato, kwa sababu uzi uliojizungusha huko hukaza mashine kuliko kutu. Fungua bamba la uso upande wa kushoto, na lile la duara nyuma ya nguzo kama lipo. Legeza vibamba vya kuteleza ukivivuta polepole. Chini yake kuna kispringi chembamba ambacho watu hukipinda kwa kukichokoa na bisibisi.

Sasa mafuta ya taa. Weka tone moja moja katika kila tundu la oili, kwenye ufito wa sindano, kwenye ufito wa mguu wa kukandamizia, na chini ya kitako kila panapokutana vyuma viwili vinavyotembea. Acha usiku kucha. Kesho yake tikisa gurudumu mbele na nyuma kwa kiganja, kidogo kidogo, bila kulilazimisha mzunguko mzima. Likisogea hata sentimita moja, umeshashinda. Ongeza mafuta ya taa, subiri, tikisa tena. Mashine ya kukaushia nywele inasaidia sana sehemu sugu, kwa kuwa joto hulainisha utando ule, ila usipulize joto mahali penye mafuta ya taa mabichi. Fanya kazi hii pasipo na moto na penye hewa. Mashine iliyokaa vibaya hasa inaweza kuchukua wiki, na wiki hiyo haina cha kufupisha.

Ikishakuwa nyepesi, mafuta ya taa yamemaliza kazi yake. Ni kiyeyushi, hayalainishi, na ukishonea mashine iliyoachwa nayo tu unasaga chuma kwa chuma. Yafute, kisha weka oili ya cherehani, ile nyepesi isiyo na rangi, tone moja kila tundu. Oili ya kupikia itarudisha ulimbo uleule. Oili ya injini ni nzito mno, na ile dawa ya kupuliza ya kufungulia nati inakauka haraka. Inafaa kulegezea skrubu, haifai kulainishia. Shona vipande vya kitambaa kibovu mpaka madoa meusi yaache kutoka.

Kuna kazi moja ndogo ambayo huwachanganya hata mafundi. Ukitaka kulitoa gurudumu, ndani ya kirungu kuna kiskrubu kidogo sana. Kilegeze, kisha kirungu kitatoka chote. Nyuma yake utakuta washa yenye masikio matatu kwa nje na ndimi mbili kwa ndani. Piga picha kabla hujaigusa. Washa hiyo hukaa kwa namna mbili zinazofanana machoni, na moja tu ndiyo sahihi. Ukiirudisha isivyo, ama gurudumu halitakaza na sindano haitakwenda, ama halitalegea wakati wa kujaza bobini. Dawa yake ni kuifungua tena, kuizungusha washa nusu duara, na kuirudisha.

Rangi na maua

Hapa ndipo thamani ya mashine inapoteketea kwa dakika 5. Maua yale ya dhahabu yamebandikwa juu ya rangi nyeusi na kufunikwa kwa vanishi ya kung'aa, ambayo kwa mashine nyingi za umri huu ina shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, ndani yake. Spiriti huyeyusha shelaki. Amonia nayo huichubua, na dawa nyingi za kusafishia vioo zina kimojawapo. Maji yakipenya kwenye nyufa za vanishi, dhahabu hupauka ikawa fedha na haitarudi.

Kisafishio salama kuliko vyote ni ileile oili ya cherehani. Lowesha pamba, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, sugua kwa miduara midogo, futa, rudia. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, unatoa uchafu. Ikitoka na chembe za dhahabu, simama hapohapo. Vibamba na vyuma vilivyopakwa nikeli vinaweza kung'arishwa kwa dawa ya vyuma, na kutu ya juujuu hutoka kwa sufu ya chuma laini kabisa, namba 0000, pamoja na oili. Kupaka rangi upya na kubandika maua mapya kuna wapenzi wake, lakini kwa mkusanyaji mashine iliyochakaa kwa heshima ina thamani kuliko iliyopakwa ikang'aa kama gari jipya.

Uzi kujikusanya chini

Ukiona fujo chini ya kitambaa, kosa tafuta juu. Uzi wa juu ukiwa haujakazwa, shato inauvuta bila kipimo na vitanzi vyote vinabaki chini. Kwa hiyo toa uzi wote na uutunge upya, mguu ukiwa umeinuliwa, ukihakikisha umepita katikati ya visahani viwili vya mkazo na si kando yake, kisha kwenye kispringi chake, kisha kwenye tundu la mkono wa kuvutia uzi. Vuta uzi kwa kidole baada ya kushusha mguu: unatakiwa kukataa kidogo. Usipokataa kabisa, fungua visahani, ukiweka kila kipande mezani kwa mfuatano kilivyotoka, na utakuta vumbi la pamba au kutu kati yake.

Sindano ni ya pili. Familia hii hutumia sindano ya kawaida ya nyumbani, ile inayouzwa kwa majina 15x1 au 130/705H, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kuhusu mashine yako. Anza na namba 90/14 kwa pamba ya kawaida, 80/12 kwa kitambaa chepesi, 100/16 kwa kizito. Isukume juu mpaka igote. Upande wake bapa uikabili njia ya shato, na ule mfereji mrefu uwe upande uzi unakoingilia. Ikigeuzwa, shato haipati kitanzi na mashine haishiki hata mshono mmoja. Watu huanza kugeuzageuza urefu wa ufito wa sindano wakati sindano ya shilingi chache ndiyo mbovu au imekaa kinyume. Badilisha sindano kabla hujagusa skrubu yoyote ya ndani.

Shato sasa. Ingiza bobini, pitisha uzi kwenye ufa na uurudishe chini ya ule ulimi wa chuma ulioko ubavuni. Shika ncha ya uzi na uiachie shato ining'inie. Ikishuka yenyewe mpaka chini, mkazo umelegea. Ikikataa hata ukiitikisa, umekaza mno. Inatakiwa kushuka kidogo kila ukiitikisa. Kiskrubu cha ulimi huzungushwa robo kwa robo, na kabla ya hapo pitisha karatasi ngumu chini ya ulimi utoe vumbi, maana mara nyingi vumbi ndilo linaloinua ulimi. Irudishe shato ncha yake ikikuelekea, ukiacha karibu sentimita 8 za uzi nje. Kagua ncha hiyo kwa ukucha: ikiwa na kijino au shimo la kutu, itachana uzi na kuruka mishono. Kijino kidogo kinasuguliwa kwa msasa laini wa 1200 na kuendelea. Ncha iliyovunjika haina ukarabati.

Halafu mwelekeo. Mpini wa mkono unausukuma mbali nawe, na gia hulifanya gurudumu lenyewe lizunguke kuja kwako. Kurudisha nyuma hata nusu mzunguko katikati ya kushona kunatosha kutengeneza fundo. Mwanzoni mwa kila mshono zivute nyuzi zote mbili nyuma ya mguu, uzishike kwa mishono 3 au 4 ya kwanza. Vitanzi vingi vya mwanzo wa mshono vinatokana na kutofanya hivyo tu.

Mashine hii hushona mshono mmoja wa kunyooka, mzuri kuliko wa mashine nyingi za plastiki, na hairudi nyuma. Kufunga mwisho geuza kitambaa au funga nyuzi kwa mkono. Pamba, kitani, shuka, mapazia, jinzi ya tabaka chache, vyote vinakwenda. Ngozi nene na turubai usiilazimishe kwa sababu tu imeundwa kwa chuma cha kalibu. Ni mashine ya nyumbani. Faida usiyoitarajia ni miguu ya kazi maalumu: ya kukunja pindo, ya kukusanya marinda, ya kuzungushia utepe. Miguu mingi ya shina fupi inayotengenezwa leo inaingia, na ukipata lile sanduku la mbao linalokunjuka lenye hati ya ubunifu ya mwaka 1889, umepata seti nzima ya miguu hiyo.

Kukusanya nyingine

Kosa la wakusanyaji wapya ni kununua kwa macho. Maua yanapendeza, lakini mashine isiyo na sindano inayopatikana ni sanamu. Uliza sindano kwanza, shato au kijumba cha bobini pili, bobini tatu, na urembo mwisho. Singer 12, kwa mfano, iliyoanza miaka ya 1860, ni nzuri mno kutazama, lakini sindano yake haitengenezwi tena na zilizobaki zinauzwa kama vito. Shato ikipotea katika mashine ya chapa isiyojulikana, unaweza kutafuta miaka. Kwa upande mwingine, Singer 15 ilinakiliwa na viwanda vingi, hasa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na vipuri vyake vinatengenezwa hadi leo. Chunga tu bobini: za 15 zina nyuso bapa, za Singer 66 na 99 zimebinuka kidogo, kipenyo kikikaribiana, na kuzichanganya huleta mkazo wa ajabu ambao hakuna skrubu itakayouponya. Na baadhi ya 66 za mwanzo zilizotengenezwa Marekani hushika mguu kwa nyuma badala ya ubavuni, kwa hiyo miguu ya kawaida haiingii.

Kuhusu thamani niseme wazi, kwa sababu wengi huumia hapa. Singer nyeusi zilitengenezwa kwa mamilioni. Umri wa miaka 100 hauifanyi kuwa adimu, na yako ni ya kawaida kabisa. Adimu ni zile za miaka ya 1850, baada ya hati za ubunifu wa cherehani walizopata Elias Howe mwaka 1846 na Isaac Singer mwaka 1851, na hizo hazipatikani kwa bahati kwenye stoo. Beji yenye ukingo wa buluu na miaka 1851–1951 ni ya kusherehekea miaka 100 ya kampuni, mashine nyingi sana zinayo. Na yupo bado anayeuza kwa hadithi ya zebaki nyekundu: mwaka 2009 uvumi huo ulipandisha bei za Singer nchini Saudia kupita kiasi, watu wakiamini ndani ya sindano kuna dutu ya maajabu. Ndani ya sindano kuna chuma.

Ningechagua kwa utaratibu wa kushona badala ya maua. Moja ya mshono wa mnyororo, kama Willcox & Gibbs, inayotumia uzi mmoja na haina bobini kabisa. Moja ya shato ndefu, ambayo tayari unayo. Moja ya ndoano inayopembea (ndoano ni kichuma kinachokamata uzi wa juu na kuuzungusha kwenye uzi wa bobini), 15 au 99. Na moja ya ndoano inayozunguka, 201 ya chuma au 221 ndogo ya aluminiamu iliyotoka mwaka 1933, yenye uzito wa karibu kilo 5 tu. Nne hizo zinakuonyesha mawazo yote makubwa ya ufundi huu, na rafu yako bado ina nafasi. Mashine 20 nyeusi zinazofanana zinakuonyesha vumbi.

Unapokagua kabla ya kulipa, piga tochi kwenye kitako na nguzo utafute ufa. Chuma cha kalibu kilichoanguka hakichomeleki kirahisi. Zungusha gurudumu: zito linarekebishika, lakini linalogota mahali palepale kila mzunguko lina kitu kilichovunjika au kupinda. Fungua vibamba uone shato ipo. Ya umeme usiichomeke. Mpira wa nyaya za zamani hukauka ukawa unga, hasa kwenye Singer 15-91 na 201 zenye mota iliyoungwa moja kwa moja kwenye nguzo, na nyaya hizo hubadilishwa na mtu anayejua umeme kabla ya chochote. Ya meza ya kukanyaga, kaza skrubu mbili za bawaba kabla hujakiinua kichwa cha mashine kukilaza nyuma. Kikichomoka kinaangukia miguu yako. Mkanda wake wa ngozi ni wa mviringo, unene wa karibu milimita 5, na hukatwa mpaka ushike gurudumu bila kuteleza. Ukiukaza mno, utakanyaga mzigo wa bure siku nzima na kudhani mashine ina kutu.

Unapoihamisha, shika kitako na mkono wa juu, kamwe si gurudumu. Ihifadhi mahali pakavu, na kila mwezi izungushe dakika chache na tone la oili, hata kama huna cha kushona.